Zambarau Isiyopenda Jua

Mkienda kupaka picha za usiku nje, msibebe rangi nyeusi. Najua mnayo kisandukuni na mkono unaikimbilia. Iacheni nyumbani. Mwalimu wangu aliniambia hivyo siku ya kwanza, aliponikuta kando ya barabara Wandegeya, mjini Kampala, karibu na wachoma nyama. Nilikuwa nimeipaka plaiwudi nzima nyeusi, natia vidoa vya manjano na kujisifu moyoni kwamba hizo ni taa.

"Weye, hii ni usiku ama ni makaa?" aliniuliza.

"Ni usiku, mzee."

"Usiku gani? Mi minaona bluu pale. Minaona kijani kwa ukuta. Minaona nyekundu kwa uso ya yule mama wa mahindi. Nyeusi iko wapi? Nionyeshe."

Nikatazama huku na huku. Sikuweza kumwonyesha.

Huyo alikuwa Mzee Kambale. Alitoka mashariki ya Kongo, akakimbilia Kampala na mkewe, Mama Masika, na binti yao mdogo, Masika. Walikaa Namuwongo, kule chini karibu na reli. Mchana alipaka vibao vya vinyozi na vya maduka. Jioni alipaka usiku. Mimi nilikuwa mtoto wa askari polisi kutoka kaskazini. Shule niliiacha darasa la saba, na Kiswahili nilikiokota kwenye nyumba za polisi tulikolelewa. Kesho yake nilimfuata Namuwongo na brashi yangu moja. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Mama Masika aliniwekea sahani, nikawa wa nyumba hiyo. Karibu yote ninayoyajua katika kazi hii yalitoka kwenye ile nyumba ya mabati, na ninapowafundisha ninyi huwa naisikia sauti ya mzee.

Shida ya kupaka usiku ni kwamba huioni rangi yenyewe. Kwenye mwanga wa tadooba, ile taa ya kopo na utambi, manjano inaonekana nyeupe na bluu inaonekana nyeusi. Unaongeza manjano, unaongeza tena, asubuhi unakuta mwezi wako umekuwa kiini cha yai. Ninyi mna taa nyeupe za kufunga kichwani, na simu zenu zinaona gizani kushinda paka, lakini simu inawaamulia rangi kabla hamjaiona wenyewe. Mzee Kambale alipanga makopo yake kwa mpango mmoja maisha yake yote: rangi za baridi kushoto, za moto kulia, nyeupe katikati. Mkono ulijua njia. Jioni moja nilisogeza kopo moja tu nipate pa kuweka kikombe cha chai, na padri mmoja akatoka kwenye picha na uso wa kijani. Mzee hakunigombeza. Asubuhi aliutazama ule uso, akasema, "Acha tu. Padri alikula kitu mbaya."

Tena, ubao upakeni rangi ya matofali nyumbani, ukauke kabisa, ndipo mwende nao. Mkiweka bluu juu ya wekundu ule, usiku unakuwa na damu ndani. Wadudu wakinasa kwenye rangi, waacheni. Rangi ikikauka mtawabandua kwa ukucha. Na kitu cha gizani msikitazame chenyewe. Tazameni kando yake kidogo, nacho kitajitokeza. Hili la mwisho nilidhani ni utani wa mzee, mpaka siku nilipolihitaji.

Mnaniuliza kila mara kwa nini picha zetu za zamani karibu zote ni za matanga. Mmoja wenu alisema labda tulipenda huzuni. Hapana. Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi. Giza likiingia watu walijifungia ndani. Mtu aliyekaa nje na taa na ubao, akitazama barabara, aliitwa mpelelezi, na akishaitwa hivyo ndugu zake walianza kumtafuta. Penye msiba tu ndipo watu walikaa nje usiku bila kuulizwa sana, moto ukiwaka uani na wao wameuzunguka hadi asubuhi. Wanajeshi nao walikuwa na wafu wao. Moto wa namna ile waliuheshimu mara nyingi. Sisemi kila mara.

Basi tukawa watu wa matanga. Mzee alikuwa na taratibu zake na hakuzivunja hata siku moja. Usiende mikono mitupu, beba kuni. Ukifika, weka kuni penye moto, toa pole, kaa. Usifungue kopo mpaka sala iishe na mwenye msiba akubali. Akikataa, kaa vilevile hadi kuche. "Ulikuja kwa msiba kwanza," alikuwa akisema. "Rangi ilikufuata tu."

Mimi nilikuwa na shida ya ziada. Kiganda changu kilikuwa kibovu, na Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Nikisema "poleni" tu, mazungumzo yanakatika na watu wanatazama moto. Mzee alikuwa akiniwekea mkono begani: "Huyu ni wangu. Kiswahili yake ni ya rangi tu, haina bunduki." Hapo wanacheka kidogo, mtu ananisogezea mkeka. Sijui angekuwa nani mwingine katika mji ule wa kunidhamini hivyo mbele ya watu walioogopa hata vivuli vyao.

Na msidhani matangani watu walikuwa wakilia tu. Bibi mmoja alikuja kunichungulia nikipaka.

"Ssebo, mbona umenipaka bluu? Kwani mimi ndio nimekufa?"

"Ni upande wa giza, mama. Tazama shavu la upande wa moto, liko rangi ya chungwa."

"Kale, sawa. Basi ongeza moto. Na mashavu ongeza. Mimi nilikuwa na mashavu, uliza hawa."

Hata mfiwa alicheka. Nikaongeza mashavu.

Wahindi wenye maduka walipofukuzwa nchini, rafu za rangi zikabaki tupu. Tukapaka na tulichopata: masizi, udongo mwekundu, bluu ya kufulia mashati. Zambarau ilipotea kabisa, na kivuli cha moto bila zambarau hakikai chini, kinaelea. Nilikuwa na rafiki aliyefunga vidonda katika zahanati ndogo karibu na Mulago. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau siku zote, kwa ile dawa ya vidonda watu wanayoiita jivi. Siku moja tunakula, nikavitazama vile vidole, nikaacha kutafuna. Akanipa chembe zilizobaki chini ya chupa. Nikaziyeyusha kwa spiriti, nikachanganya na vanishi. Ilitoka zambarau ambayo sijaiona tena. Ukiirudia mara tatu inakuwa giza kamili, lakini giza lenye rangi ndani yake. Nikajiona mkubwa kuliko mwalimu.

Wakati huo mama mmoja muuza chakula Wandegeya, tuliyemwita Nnalongo kwa kuwa alizaa mapacha, alitaka kibao kikubwa cha kutundika nje: mji usiku, na yeye mwenyewe na mwiko wake. Nikampaka mkubwa, akajaza nusu nzima ya juu. Dada yake akaja, akamwambia picha kubwa namna ile ni ya mtu aliyekwisha kufa. "Niondoe," Nnalongo akaniamuru, "niondoe leo leo." Sikutaka kukwangua kazi nzuri. Nikamfunika kwa zambarau yangu, tabaka juu ya tabaka, nikatia mwezi na nyota. Ikawa anga ya kupendeza. Kibao kikatundikwa juani.

Baada ya majuma machache anga ikaanza kupauka. Ikawa rangi ya maji ya vyombo, kisha ikawa si kitu. Na Nnalongo akatokea hewani, juu ya mapaa ya mji, mwiko mkononi, nyota moja katikati ya pua.

"Banange!" alipiga kelele. "Mimi nimepaa lini?"

Wanafunzi wa chuo kikuu walikuja makundi kwa makundi kumtazama, na waliokuja kucheka wakaagiza maharage. Nilipokwenda na brashi kurekebisha alinifukuza. "Toka hapo! Nauza!"

Nilimpeleka Mzee Kambale akaone. Alicheka mpaka akakaa chini kando ya barabara, akajifuta macho kwa kofia. Kisha akainuka, akapitisha kidole kwenye ubao, akauliza niliweka nini. Nikamwambia.

"Hii dawa haipendi jua," alisema. "Kumbuka sana. Usiiweke tena kwa kazi ya mutu."

Niliiweka mara moja tu tena.

Kulikuwa na msiba Namuwongo kwa jirani. Mimi nilikuwa nimelala na homa, kwa hiyo mzee alikwenda na kuni zake peke yake, akapaka hadi alfajiri. Akirudi nyumbani kwa njia ya reli, wanaume wakamsimamisha. Mwanamke mmoja muuza makaa aliona kwa mbali. Walimuuliza alikuwa anachora nini pale penye reli, wakamtia kwenye gari. Ubao waliutupa majanini. Nadhani rangi ilikuwa mbichi wakaogopa kujichafua. Yule mwanamke alingoja gari liondoke, akauokota, akampelekea Mama Masika. Jina lake sikupata kulijua. Namshukuru hadi leo.

Mama Masika alizunguka kumuulizia kila kituo cha polisi na kila kambi. Jibu lilikuwa moja. "Mume wako amerudi kwao Kongo. Wewe mama usieneze uvumi." Mwaka ukapita hivyo. Hapakuwa na maiti ya kuzika. Na kuweka matanga ya mtu ambaye wenye bunduki wamesema yu hai kulikuwa ni kuwaambia kwamba wanadanganya.

Siku moja aliniita. Alikuwa ameulaza ule ubao mezani. Moto aliokuwa amepaka mzee uliwaka katikati, wa chungwa na waridi, na watu wameuzunguka, nusu ya nyuso zao ikiwaka na nusu ikiwa bluu. Upande wa kushoto alikuwa hajaumaliza. Palibaki wazi, rangi ya matofali inaonekana.

"Siwezi kuwasha moto kwa kiwanja yangu," Mama Masika alisema. "Nikiwasha, wataniuliza nani alikufa, na nani alimuua. Lakini hii moto aliiwasha mwenyewe. Mutie pale, kando. Hawa watu wamukeshee."

Nilikubali kabla sijafikiri. Kisha nikakaa mbele ya ubao na sikuweza. Picha yake haikuwepo nyumbani. Mtu aliyepaka watu wote hakuwahi kupakwa na mtu. Kila nilipoutafuta uso wake ulinikimbia. Ndipo nilipokumbuka lile la kutazama kando. Nikaacha uso. Nikapaka kofia. Nikapaka bega la kushoto, lililokuwa chini kuliko la kulia kwa kubeba mbao miaka yote ile. Nikapaka mkono ulioshika kikombe kwa vidole viwili, kwa sababu vingine vina rangi. Nilipofika usoni, uso ulikuwa umeshakuja wenyewe.

Mama Masika aliinamia ubao.

"Masikio ni makubwa," alisema.

"Yalikuwa makubwa, mama."

"Ndiyo," akasema. "Yalikuwa." Na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu siku ile ya reli. Mimi nilitoka nje nikasimama na Masika mpaka alipotuita.

Aliutundika ubao chumbani kwake. Haukukaa sana. Habari zikafika kwamba wanajeshi watapita Namuwongo nyumba kwa nyumba. Majirani wote walimjua mzee kwa sura, na mmoja akionyesha kidole tu ilikuwa imekwisha: mtu anayesemekana yuko Kongo, amekaa kwenye matanga ukutani kwa mkewe. Nilimwambia Mama Masika tuuchome.

"Ukichoma hii, unichome na mimi."

Ulikuwa mkubwa, haufichiki chini ya kitanda wala juu ya dari. Nikakaa kizingitini nimeshika kichwa. Na katika hofu ile yote, mtu aliyenijia akilini ni Nnalongo na mwiko wake.

Nikakimbia Mulago kwa rafiki yangu. Aliniuliza nina kidonda wapi. Nikamwambia, "Nipe tu." Akanipa. Nikarudi, nikakoroga, nikamfunika mwalimu wangu: kofia, bega, kikombe, masikio. Nilingoja kila tabaka lishike kidogo, nikaongeza jingine, mpaka upande wa kushoto ukawa usiku mtupu.

"Umemuzika," Mama Masika alisema.

"Hapana, mama. Nimemfunika. Ukimweka mbali na jua atakaa hapo. Siku utakayotaka atoke, mpe jua."

"Na kama hatoki?"

Sikutaka kumdanganya. "Sijui, mama. Nnalongo alitoka."

Akaguna, karibu kucheka. "Basi kama Nnalongo aliweza."

Walikuja vanishi ikiwa bado inanata. Aliyeingia chumbani alikuwa kijana kama mimi, jasho linamtoka chini ya kofia. Aliinua godoro, akafungua sanduku, akasimama mbele ya ubao.

"Hii ni kitu gani?"

"Ni matanga, afande," nilijibu.

"Nani nakufa?"

Mama Masika alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili. Nikasema, "Jirani, afande. Wa hapa hapa." Na ilikuwa kweli, matanga ambayo mzee aliyapaka yalikuwa ya jirani.

Akasogeza uso. "Huku mbona hakuna watu? Giza tu."

"Ni usiku, afande."

Akanyoosha kidole akagusa, upande ule ule. Kidole kikarudi cha zambarau. Alikitazama, akakisugua kwenye suruali, kikabaki vilevile. Mimi nilijua kitabaki hivyo siku nyingi. Nilisubiri aulize kwa nini rangi ya upande ule tu ni mbichi. Lakini alikuwa anatazama moto.

"Kwetu tunakesha hivi hivi," alisema taratibu. "Moto kama hii." Kisha akakumbuka kazi yake, akachukua redio ya Mama Masika kutoka mezani, akaiweka kwapani na kutoka. Kwenye ubao ilibaki alama ya kidole chake. Sikuthubutu kuirekebisha.

Utawala ule ulikuja kuanguka. Mama Masika hakuniambia kitu. Siku moja nilipita nikakuta ubao umehamia sebuleni, ukutani, mahali jua la asubuhi linapopigia. Nikautazama. Giza. Nikapita tena baada ya mwezi. Giza. Nyumba haikuwa barabara ya Wandegeya, jua liliingia kidogo tu, na mara ile nilikuwa nimepaka kwa hofu, matabaka mazito. Nilianza kuogopa kwamba yeye ndiye alikuwa sahihi na nilikuwa nimemzika. Nikawa napita kwa njia nyingine.

Nilikuwa juu ya ngazi napaka ukuta wa duka, aliponijia Masika. Alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa.

"Mjomba, mama anasema uje jioni."

"Kuna nini?"

"Sikio limetoka. Lilianza pale penye kidole cha yule askari, kisha kofia, leo asubuhi macho." Kisha akakumbuka alichotumwa. "Anasema ubebe kuni."

Nilishuka. Sikukumbuka hata kufunika kopo.

Nilipofika jua limezama, na uani kwa Mama Masika moto ulikuwa unawaka, mkubwa, bila kujificha, na majirani wameketi kuuzunguka. Wengine walikuwa walewale waliopakwa kwenye ubao, wamezeeka kidogo. Ubao wenyewe uliwekwa kwenye kiti, kama mtu. Mzee Kambale alikuwa hapo na kofia yake na kikombe chake. Begani palibaki doa la zambarau ambalo halijatoka hadi leo, nami nimekataa kulisafisha kila ninapoombwa.

Niliweka kuni zangu penye moto. Nikatoa pole. Nikakaa.

Baada ya sala Mama Masika alinitazama, kisha akautazama mfuko wa brashi uliokuwa umening'inia begani kwangu kwa mazoea.

"Haupaki?" aliniuliza.

"Leo hapana, mama," nikamwambia. "Nimekuja msibani."